Presha ya Kushuka

Hapo zamani, na zamani yangu mimi si ile ya fisi kumposa binti wa sungura, ni zamani ya karibu tu, zamani ya chupa za chai zenye maua mekundu ubavuni, palikuwa na mzee katika kijiji cha Kwedikole, huko Uzigua, jina lake Semdoe. Kaeni vizuri. Atakayesinzia nitampaka masizi, na atakayenikatiza ataimalizia hadithi mwenyewe.

Mzee Semdoe alikuwa mchonga vinu. Kila kinu kilichotwanga mahindi Kwedikole kilitoka mikononi mwake. Alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa na kasoro moja: hakujua kukataa. Ukimpa chai, anakunywa. Ukimpa ya pili, anakunywa. Ukikosea ukampa maji ya kunawia, anakunywa pia, na anasema, "Asante, tamu."

Na Kwedikole ilikuwa na sheria yake. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua: mgeni haendi kwa mgonjwa mikono mitupu, na mgonjwa hakatai kikombe.

Wakati huo binti yake wa pekee, Mwanamvua, alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza. Katika ukoo ule mtoto wa kwanza hupewa jina na babu, siku ya saba, mbuzi akiwa ameshachinjwa. Semdoe alikuwa na hamu na siku hiyo kuliko mama mwenyewe. Alishachonga kinu kidogo cha kuchezea, urefu wake kama kiganja, akaacha ukingo wake mtupu. Hapo ndipo angechora jina. Jina lenyewe hakumwambia mtu.

Basi, kichwa kikaanza kumuuma. Kisogo kizito, macho yanaona vimulimuli. Mkewe, Bi Mwanashaha, akamshika mkono mpaka zahanati.

Tabibu wa pale alikuwa kijana wa Kipare aitwaye Lukindo, mwenye akili nyingi na muda mchache. Siku hiyo foleni ilitoka nje ikazunguka mpaka chooni. Lukindo akamfunga Semdoe mkononi kile kitambaa cha kujaza upepo, akapima, akatikisa kichwa, akaeleza. Alieleza vizuri tu, sitaki kumsingizia. Shida ni kwamba Bi Mwanashaha alikuwa dirishani anachukua vidonge, na Semdoe kila alipoambiwa neno aliitikia, "Ndiyo, daktari. Asante, daktari," bila kushika hata moja. Bi Mwanashaha aliporudi alikuta mkia wa maneno.

"Kwa hiyo, mzee, presha yako tunataka ya kushuka," Lukindo alikuwa anasema. "Ya kushuka! Mama, umenisikia?"

"Ya kushuka," akaitikia Bi Mwanashaha.

"Haya. Kidonge kimoja kila asubuhi. Anayefuata!"

Mnacheka? Subirini kwanza. Mnajua wenyewe kwamba kwetu presha ni mbili, kama mapacha waliogombana. Kuna presha ya kupanda, na huyo mwenye nayo ananyimwa chumvi. Kuna presha ya kushuka, na huyo anaongezewa. Njiani Bi Mwanashaha akasema, "Pole, Baba Mwanamvua. Kumbe una presha ya kushuka."

Semdoe alikumbuka kama alisikia neno "imepanda" mahali fulani. Lakini mkewe keshasema, tena kwa huruma. Ambishie?

"Ndiyo, mke wangu," akasema.

Jioni ile kijiji kizima kilijua. Ya kushuka! Mpeni supu ya kongoro, chumvi isipungue! Mpeni kahawa chungu! Wakaja, kila mmoja na chupa yake, maana mgeni haendi mikono mitupu. Semdoe akanywa, maana mgonjwa hakatai kikombe.

Aliyekuja kwa kishindo zaidi ni shemeji yake Mkomwa, mdogo wake Bi Mwanashaha. Alitoka Tanga mjini na bahasha ya karatasi, ndani yake vijiti vya manjano vilivyokatwa vipande. Ni urukususu, kile kijiti kitamu cha mzizi ambacho wauza viungo hukiweka karibu na mdalasini na watoto hukitafuna kama pipi.

"Shemeji," akasema Mkomwa, "muuza viungo ameniambia hiki kinapandisha presha iliyolala hata kama imelala fofofo. Kichemshwe asubuhi, kichemshwe alasiri. Hivyo vidonge vya serikali vitupeni."

Muuza viungo hakudanganya. Kweli urukususu unapandisha. Ndiyo balaa lenyewe!

Hapo Bi Mwanashaha akaweka mikono kiunoni. "Mkomwa, mizizi yako nitachemsha, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu. Lakini daktari kasema kidonge kila asubuhi, na kidonge atameza. Ukivigusa nitakupiga mwiko mbele ya shemeji yako."

Kikachemshwa asubuhi, chupa nzima. Kikachemshwa alasiri, chupa nzima. Semdoe akanywa. Angefanyaje? Kikombe cha shemeji kinakataliwa?

Sasa niwaletee Kalunde. Bibi Kalunde alikuwa Mnyamwezi. Mumewe aliletwa zamani kukata mkonge, akafia huko huko mashambani, na Kalunde akabaki Kwedikole na kibanda, na kitalu cha choya, ile ya maua mekundu machachu ya kutengeneza juisi. Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na mtani ana haki zake. Anaweza kukutukana msibani na wewe ukacheka. Anaweza kuingia jikoni kwako akaondoka na sufuria, na ukimwita mwizi, mwenye makosa ni wewe.

Kalunde alifika siku ya tatu, amefunga kibwebwe, jembe begani.

"Hodi! Mzigua hajafa bado?"

"Bado, mtani," akasema Semdoe kitandani, ameshaanza kucheka.

"Mnanipotezea siku! Nimekuja kuchimba kaburi." Akatoa kamba, akampima kutoka kisogoni mpaka kisiginoni. "Alaa! Mfupi hivi? Huyu wa kuchimbiwa kwa kijiko. Jembe langu narudi nalo." Kisha akaiona chupa ya alasiri, akaifungua, akanusa, akaonja. Macho yakamlegea. Kalunde alilelewa na asali ya Tabora, na utamu ulikuwa udhaifu wake.

"Wazigua mnakunywa vitu vitamu hivi kwa siri!" akasema, akaimaliza yote.

Ikawa kila siku. Alasiri Bi Mwanashaha akitoka kwenda kisimani, Kalunde anaingia, anatukana, anapima kaburi, anamaliza chupa. Na ili mwenye nyumba asiinyanyue akaiona nyepesi, anaijaza choya ya kwake. Bi Mwanashaha akirudi giza limeshaingia, anammiminia mumewe kikombe bila kuona rangi, na Semdoe anakunywa ule uchachu wa kukunja uso, anasema, "Asante, tamu."

Siku zikapita kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Miguu ya Semdoe ikaanza kuvimba. Kichwa kikarudi na ndugu zake. Mapaja yakaishiwa nguvu, na moyo, loo, moyo ukawa unadunda mara mbili, unaruka pigo, unadunda tena, kama mtwangaji aliyelewa. Watu wakasema, "Imeshuka zaidi. Ongezeni chumvi!" Mkomwa akaongeza vijiti.

Asubuhi ya kumi na tano Semdoe alishika kile kinu kidogo na kisu, akasema anataka kuchora herufi ya kwanza ya jina. Hakuichora. Kisu kikaanguka, naye akaanguka kando yake, midomo imepauka, pumzi haitoshi. Mwanamvua, tumbo mbele, akapiga kelele ambayo waliokuwa shambani waliisikia.

Nani alikuja? Mkomwa alikuja na baiskeli. Alimweka shemeji yake kwenye kiti cha nyuma, akamfunga kwa kanga mbili asianguke, akasukuma baiskeli kilima baada ya kilima huku analia. Bi Mwanashaha nyuma anashikilia. Na nyuma yao Kalunde, miguu imemvimba nayo, anajikokota na kutukana: "Usife, Mzigua mfupi wewe! Sina kijiko! Nasema sina kijiko!" Mpaka matusi yakamkauka mdomoni, akawa anasema tu, "Usife, mtani. Usife."

Zahanati, Lukindo akapima. Akapima tena. "Imepanda kuliko siku ile!"

"Imepanda?" akauliza Bi Mwanashaha. "Si ulisema ana ya kushuka?"

"Nilisema tunataka ishuke!"

Bi Mwanashaha akakaa chini sakafuni, kanga mdomoni.

Lukindo akauliza, "Anakunywa nini zaidi ya kidonge changu?"

Kwedikole kulikuwa na sheria nyingine: dawa za nyumbani hazitajwi hospitali, utagombezwa. Mkomwa akatazama dari. Bi Mwanashaha akatazama sakafu. Lukindo akabonyeza mguu wa Semdoe kwa kidole gumba, akatoa kidole, na shimo likabaki pale pale. Akageuka. Akaiona miguu ya Kalunde mlangoni. Akainama, akaibonyeza na hiyo. Shimo likabaki.

"Nyinyi wawili mmekunywa kisima kimoja," akasema.

Kalunde akaangua kilio. "Mimi mwizi! Yaani si mwizi, mimi mtani. Nilikuwa namaliza chupa yake ya alasiri, ile tamu. Nikaijaza choya. Ya nini, sijui, yeye ndiye anajua!" Akamwonyesha Mkomwa.

Mkomwa angeweza kukana. Mlango ulikuwa wazi, na baiskeli yake ilikuwa nje. Hakutoka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile bahasha, akaiweka mezani mbele ya dada yake na watu wote. "Ni mimi," akasema. "Nilimletea mimi."

Lukindo akanusa kijiti kimoja tu, akaelewa. Akawaambia: mti huu unashikilia maji na chumvi mwilini, unapandisha presha, tena unayamaliza yale madini ambayo moyo unayatumia kudunda sawasawa. Na kidonge alichompa kilikuwa cha kupunguza maji, nacho kinapoteza madini yale yale. Viwili hivyo pamoja, moyo unakosa mwendo. Kimoja hakikujua kwamba mwenzake yupo.

Akaandika barua, akaeleza kila kitu kilichonywewa, kwa kiasi na kwa siku, akaweka na kijiti ndani, akaita gari. Hospitali ya mjini wakaisoma ile barua, wakamtundikia dripu yenye kile kilichopungua. Baadaye walisema wazi: bila barua wangepapasa gizani, na mzee asingekuwa na saa nyingi za kusubiri wapapase.

Siku ya pili Semdoe akafumbua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa nadhiri. "Aliyeniokoa ndiye atakayempa mjukuu wangu jina. Haki yangu ya babu nampa yeye."

Ah, Semdoe! Afadhali angenyamaza.

Siku tisa baadaye akarudi nyumbani, na wiki hiyo hiyo Mwanamvua akajifungua mtoto wa kike, mwenye sauti kubwa. Siku ya saba mbuzi akachinjwa. Watu wakakaa mkekani. Semdoe akashika kinu na kisu, akauliza, "Basi, nani?"

Bi Mwanashaha akasimama. "Ni mimi. Neno nililisikia vibaya, nakiri, na aibu yake nitaibeba. Lakini nani alimpa kidonge kila asubuhi siku kumi na nne, ndugu yangu akiniambia nitupe vidonge? Penye moto huletwa maji, na aliyeleta maji ni mimi. Bila kidonge, kile kijiti kingemuua siku ya saba. Mtoto aitwe Mwanakheri, jina la mama yangu."

Mkomwa akasimama. "Dada, mzizi nilileta mimi, na nilivuruga. Lakini nani alimbeba vilima vyote vile? Nani alitoa bahasha, wakati mlango ulikuwa wazi? Daktari anajua dawa, hajui yaliyo mfukoni mwangu. Bila ukweli wangu ile barua ingeandikwa nini? Mtoto aitwe Mashaka. Nikimwita kila siku, nikumbuke nisilete tena dawa ya kusikia kwa muuza viungo."

Lukindo akasimama. Alikuja na shati la pasi, akajikuna shingo. "Sikutaka kudai. Siku ya kwanza nilisema kwa haraka na sikuuliza, 'Mzee, nyumbani unatumia nini?' Swali moja tu hilo. Lakini mara ya pili niliuliza, nikabonyeza miguu, nikaandika. Kujua ndiko kulikookoa. Mkipenda, mtoto aitwe Nanzia, kama mama yangu. Niko mbali na kwetu."

Watu wakaguna. Kalunde naye akasimama, na kwa mara ya kwanza hakutukana mtu.

"Mimi niliiba," akasema. "Mtani haibi, mtani huchukua, lakini mimi moyoni nilijua naiba. Ila hesabuni. Chupa zilikuwa mbili kwa siku, moja nikanywa mimi. Nusu ya kifo cha mzee huyu ilipita kwenye koo langu. Mahali pake nikaweka choya, ambayo inashusha, na sikujua kama inashusha. Na miguu iliyosema pale zahanati, wengine wote wakiwa mabubu, ilikuwa miguu yangu. Nilizaa watoto watatu katika mashamba ya mkonge, nikazika watatu. Nikifa, Kwedikole haitakuwa na mtu wa kuitwa Kalunde. Mtoto aitwe Kalunde."

"Mzigua aitwe jina la Kinyamwezi?" akapayuka mmoja.

"Nyamaza wewe," akasema Kalunde, "ama nikupime na wewe." Watu wakacheka, na wengine walikuwa wanafuta machozi.

Lukindo akaongeza neno moja la kitabibu, maana hakuweza kujizuia. "Na hiyo choya, bibi, usijisifie sana. Nayo ikikutana na kidonge inaweza kumshusha mtu mpaka akadondoka. Kikombe kimoja, si chupa, na mimi nijue. Hata kushuka kuna kipimo."

Basi wote wanne wakamtazama Semdoe. Wote wamekosa. Wote wameokoa. Semdoe akamtazama mkewe, akasema, "Kweli, mke wangu." Akachora. Akamtazama shemeji yake, akasema, "Kweli, shemeji." Akachora. Akamtazama tabibu, akasema, "Ndiyo, daktari. Asante, daktari." Akachora. Akamtazama mtani wake, akacheka mpaka akakohoa. Akachora.

Mnashangaa nini? Niliwaambia mwanzoni. Mzee hajui kukataa.

Kinu hicho ninacho hapa, kipitisheni mkono kwa mkono, msikiangushe. Ukingo umejaa pande zote. Bibi Mwanashaha ananiita Mwanakheri. Babu Mkomwa ananiita Mashaka. Daktari Lukindo, aliyehamishwa siku nyingi, akiandika barua huandika Nanzia. Na Kalunde, mpaka siku tulipomzika, na kaburi lake tulilichimba kwa jembe lake mwenyewe, aliniita Kalunde, na alikuwa akiita hata kama sipo, ili alisikie tu jina lake.

Babu Semdoe yupo. Kidonge asubuhi, choya kikombe kimoja kwa ruhusa, na mgeni akija na chupa, bibi anaipeleka kwanza zahanati ikaulizwe. Ijumaa hii kadhi ananiozesha, na kadhi si babu yangu: anataka jina moja, ayaache mengine matatu. Nimemwendea babu nikamwuliza ni lipi. Akanishika mkono, akasema, "Yote mazuri, mjukuu wangu."

Kwa hiyo nimewaletea nyinyi. Yupo aliyesikia vibaya akashika kidonge. Yupo aliyeleta sumu akatoa ukweli. Yupo aliyechelewa kuuliza, akauliza. Na yupo aliyeiba kifo akakinywa. Bado siku nne, na kadhi ameshachonga kalamu.

Je, nani alistahili kunipa jina?